Tuta dogo la udongo la kuzuia mafuriko: anza na njia ya kutokea maji

Mtu akisikia neno bwawa, akilini humjia maji yaliyotulia, ng'ombe wanakunywa, pengine na samaki ndani. Bwawa la kuzuia mafuriko halifanani na picha hiyo. Siku nyingi za mwaka ni tuta tu lililokaa katikati ya bonde kavu, na kijito kinapita chini yake ndani ya bomba kama vile hakuna kilichojengwa. Kazi yake huja siku chache, inaponyesha mvua ambayo kijito hakiwezi kuibeba. Maji huja kwa kishindo, bomba haliyamudu yote, yanayozidi hujikusanya nyuma ya tuta, kisha hutoka taratibu kwa saa kadhaa. Walio chini hupata maji yale yale, ila hawayapati kwa mkupuo.

Wazo hili lina zaidi ya miaka mia. Mafuriko ya Machi 1913 yaliharibu vibaya mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani. Baada ya hapo mhandisi Arthur Morgan alisimamia ujenzi wa matuta matano ya udongo kwenye mito ya eneo hilo, yakakamilika mwaka 1922. Hayana mlango wa kufungua wala wa kufunga. Yana matundu ya zege chini, na ukubwa wa tundu ndio unaoamua maji kiasi gani yapite. Hakuna mtu anayehitaji kuamka usiku wa mvua kwenda kuzungusha gurudumu. Yale ni makubwa kuliko haya tunayoyazungumzia hapa, lakini mantiki ni ile ile, na mimi naipenda kwa sababu haimtegemei mtu asiyepo.

Mwongozo huu unahusu tuta lisilozidi mita 4 kwenda juu. Nimeupanga kinyume na wanavyofanya wengi: njia za kutokea maji zinatangulia, tuta linafuata. Matuta mengi yaliyoua watu hayakuwa na udongo mbaya sana. Yalikosa pa kupitishia maji.

Kwanza, tembea kuelekea chini

Kabla ya kupima chochote, shuka na kijito kwa miguu kilomita mbili au tatu kutoka pale unapofikiria kujenga. Andika kila nyumba, shule, daraja, shamba na njia ya watu iliyo karibu na mkondo. Halafu jiulize: tuta hili likipasuka saa nane za usiku, maji yatamkuta nani kitandani?

Ukikuta kuna nyumba hata moja ambayo maji ya kupasuka yangeifikia, kazi hii si ya kufanya kwa mwongozo wa kusoma. Tafuta mhandisi wa mabwawa, akague eneo, achore na asimamie ujenzi. Nasema hivi bila kuzunguka, kwa sababu tuta bovu ni hatari kuliko kukosa tuta. Mafuriko ya kawaida hupanda kwa muda na watu hupata nafasi ya kukimbia. Tuta likipasuka hutoa kwa dakika chache maji yaliyokusanywa kwa saa nyingi. Na hata kama bonde liko tupu, kijito si mali ya mtu mmoja. Kibali cha mamlaka ya maji ya eneo lako na makubaliano na wenye ardhi itakayofunikwa na maji ni sehemu ya ujenzi kama ulivyo udongo wenyewe.

Mahali pa tuta

Unatafuta bonde linalobana kama shingo ya chupa, na nyuma yake linafunguka na kuwa pana lenye mteremko mdogo. Shingo hukupunguzia udongo wa kujaza; tumbo la nyuma hukupa nafasi ya maji. Bonde lenye mteremko mkali halifai: utajenga tuta refu lishike maji kiduchu.

Epuka mahali penye chemchemi chini ya tuta, miamba iliyopasukapasuka, mchanga mnene usio na mwisho, na kingo zilizowahi kuporomoka. Vichuguu navyo vitazame kwa makini. Mchwa huchimba njia ndefu ardhini, na kichuguu kilichoachwa chini ya tuta ni bomba ambalo hukulipanga. Kama huna budi kujenga hapo, kichimbe chote hadi njia ziishe, kisha ujaze kwa udongo ulioshindiliwa.

Jambo jingine hulioni kwenye ramani: je, pembeni mwa tuta kuna ardhi ya asili, ngumu, ambapo maji ya ziada yanaweza kupitishwa na kurudishwa kijitoni bila kugusa tuta? Kama hakuna, hama. Mimi ningeacha eneo zuri kwa kila kitu kingine kwa sababu hiyo moja tu.

Hesabu ya maji

Chukua dakio, yaani eneo lote ambalo mvua yake hushukia kwenye kijito chako. Lipime kwa ramani yenye mistari ya mwinuko au kwa kuzunguka vilele vyake na kifaa cha kupima eneo. Tuseme umepata hekta 40.

Mvua kubwa ya kupangia unaipata kwenye kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Tuchukue mvua ya milimita 80 iliyonyesha kwa saa 3, na kwamba asilimia 40 yake inatiririka huku iliyobaki ikinywewa na ardhi. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo: 400,000 mara 0.08 mara 0.4, unapata mita za ujazo 12,800. Hayo ndiyo maji yatakayofika kwenye tuta.

Kasi ya kilele hupatikana kwa hesabu inayojulikana sana kwa madakio madogo: sehemu ya mvua inayotiririka, mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara hekta, gawanya kwa 360. Mvua ikifika milimita 60 kwa saa katika ukali wake: 0.4 mara 60 mara 40, gawanya kwa 360, unapata takriban mita za ujazo 2.7 kwa sekunde.

Sasa nafasi ya nyuma ya tuta. Kwa makadirio ya mwanzo zidisha upana wa maji penye tuta, kina chake cha juu kabisa na urefu wa ziwa kurudi nyuma, kisha gawanya kwa 6. Upana wa mita 50, kina mita 2.5, urefu mita 490: unapata kama mita za ujazo 10,200. Ni pungufu ya 12,800, lakini kumbuka kwamba bomba linatoa maji muda wote mvua inaponyesha. Likitoa kwa wastani mita za ujazo 0.3 kwa sekunde katika zile saa 3, linaondoa zaidi ya 3,200. Jumla inatosha, ingawa kwa kubana. Makadirio haya yanakusaidia kuamua kama eneo linafaa kufikiriwa. Kabla ya kujenga, bonde lipimwe kwa vifaa vya upimaji.

Sehemu ya mvua inayotiririka usiikisie kwa matumaini. Msitu hunywa mvua nyingi. Shamba lililolimwa kufuata mteremko, barabara na mapaa ya bati hunywa kidogo sana. Na dakio hubadilika. Likikatwa miti baada ya miaka mitano, 0.4 yako inaweza kuwa 0.6, na tuta halitajua.

Bomba la chini

Bomba ndilo linalofanya bwawa hili kuwa la mafuriko. Linakaa chini kabisa, usawa wa kijito, na liko wazi daima. Bomba la kipenyo cha sentimita 45, maji yakiwa na kina cha mita 1.5 juu ya kitovu chake, hutoa takriban nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Linganisha na 2.7 za kilele: kijito kilichokuwa kinashuka kwa 2.7 sasa kinashuka kwa kama 0.5, na bwawa letu la mfano linakauka tena kwa saa kama 7.

Kukauka haraka kuna maana kubwa. Mvua kubwa mara nyingi hufuatana, na bwawa lililojaa jana halikusaidii leo. Jiwekee kikomo cha siku 3 hata kwa bwawa kubwa kidogo. Faida ya pili ni ya afya: mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, na maji yanayoondoka kwa siku 3 hayawapi muda huo.

Bomba lisiwe jembamba mno. Chini ya sentimita 30 litaziba kwa matawi ya mti mmoja. Mdomoni weka kizuizi cha nondo kilichoinama, chenye eneo kubwa mara nyingi kuliko tundu la bomba, ili takataka zikilalia sehemu yake maji yapite kwingine. Kizuizi hicho pia kinaokoa maisha, kwa kuwa bomba lililojaa huvuta kwa nguvu ambayo mtoto hawezi kushindana nayo. Upande wa kutokea, tandika mawe makubwa ili maji yasichimbe shimo kwenye mguu wa tuta.

Utoro

Utoro ni njia ya pembeni ya maji yaliyozidi uwezo wa bomba na nafasi ya bwawa. Udongo ulioshindiliwa huvumilia mambo mengi, ila hauvumilii maji yanayopita juu yake. Yakipita juu ya mgongo wa tuta, hukata mfereji upande mkavu, mfereji hupanda kurudi nyuma hadi upande wa maji, na tuta huondoka mbele ya macho yako. Utoro upo ili hilo lisitokee kamwe.

Kwa hiyo usiupimie mvua ya kawaida. Upimie mvua mbaya kuliko zote unazoweza kuzitetea kwa kumbukumbu, na fanya hesabu kana kwamba bwawa limeshajaa na bomba limeziba. Kwa dakio letu, tukichukua milimita 100 kwa saa na asilimia 60 ya mtiririko, tunapata karibu mita za ujazo 6.7 kwa sekunde. Maji yakipita kwenye kizingiti, yaani ukingo wa kuingilia utoro, kwa kina cha sentimita 40, kila mita moja ya upana hupitisha kama 0.43. Unahitaji upana wa mita 16. Watu hushtuka wakisikia. Wanasema tuta lote lina urefu wa mita 80, iweje njia ya maji ichukue mita 16 nyingine? Inachukua kwa sababu maji mapana na membamba hupita kwa upole, na maji yaliyobanwa huchimba.

Chimba utoro kwenye ardhi ya asili pembeni, kamwe usiupitishe juu ya udongo wa kujaza. Kizingiti chake kiwe sawa kabisa kutoka ukingo hadi ukingo. Kikipindika, maji yote yatakimbilia upande mmoja na kuanza korongo. Ukanda mwembamba wa zege uliozikwa ardhini kwa upana wote husaidia kushika usawa huo. Baada ya kizingiti, mteremko uwe mdogo na ufunikwe na nyasi zilizokwisha kushika, kwa sababu nyasi nzuri huvumilia maji ya kasi ya kama mita 2 kwa sekunde, wakati udongo mtupu huanza kukokotwa kwa nusu ya kasi hiyo. Mwisho wake urudi kijitoni mbali na mguu wa tuta.

Halafu uache wazi. Huko Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la South Fork lilimilikiwa na klabu ya matajiri waliopenda kuvua. Mabomba ya chini yalikuwa yameshaondolewa na mmiliki wa awali, mgongo wa tuta ukashushwa ili magari ya farasi yapite, na kwenye utoro wakaweka nyavu samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilijaza bwawa, takataka zikaziba nyavu, maji yakapanda juu ya tuta. Watu 2,209 walikufa katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake. Kila nikiona mtu ameweka uzio, daraja la miti au mifuko ya mchanga kwenye utoro "ili maji yabaki kidogo ya kumwagilia", naikumbuka ile nyavu.

Vipimo vya tuta

Sasa ndipo tunajua kimo. Mita 2.5 hadi kizingiti cha utoro, sentimita 40 za maji yanayopita juu yake, na juu ya hapo kimo cha akiba kisichopungua mita 1 kwa ajili ya mawimbi na makosa yetu ya hesabu. Jumla ni kama mita 3.9, tufanye 4. Juu ya hiyo ongeza asilimia 10 kwa udongo kukaa na kushuka, yaani sentimita 40 katikati ya bonde, na nyongeza hiyo ipungue kadiri tuta linavyopungua kimo kuelekea kingo. Tuta jipya likionekana limeinuka katikati kama mgongo wa kobe, limejengwa vizuri.

Upana wa mgongo: gawanya kimo kwa 5, ongeza 3. Kwa mita 4 unapata 3.8, weka 4 ili gari lipite wakati wa matengenezo. Mteremko wa upande wa maji uwe mita 3 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kupanda, na upande mkavu mita 2.5. Hivyo kitako kinakuwa na upana wa mita 26 na kila mita moja ya urefu, pale katikati, inameza mita za ujazo 60 za udongo. Kwa bonde lenye umbo la V na tuta la mita 80, jumla inakaribia 1,800 baada ya kushindiliwa. Udongo uliochimbwa huvimba, hivyo kwa lori la mita za ujazo 6 jiandae kwa safari zisizopungua 350. Ukiona fundi amekupa hesabu ya safari 150, ujue ameinamisha pande hizo kwa mteremko mkali mno.

Kuujua udongo

Udongo mzuri wa tuta ni mchanganyiko: mfinyanzi wa kutosha kuziba maji, asilimia 20 hadi 30 hivi, pamoja na mchanga na changarawe za kuupa uti wa mgongo. Mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka, na bwawa hili hukaa kavu miezi na miezi, kwa hiyo nyufa ni adui wa kwanza. Ule mweusi unaofungua nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi usiutumie peke yake.

Kwa kuanza, jaza chupa ya kioo nusu kwa udongo, ongeza maji, tikisa sana, acha siku nzima. Mchanga hulala chini, tope laini juu yake, mfinyanzi juu kabisa. Kisha chukua udongo wenye unyevu, ukandamize kati ya kidole gumba na cha shahada utoe utepe. Utepe wa sentimita 5 bila kukatika una mfinyanzi wa kutosha.

Kipimo cha tatu ndicho wengi hawakijui, na ndicho kinachotenganisha tuta la kudumu na tuta la msimu mmoja. Dondosha kibonge kidogo cha udongo kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia. Usikoroge. Kikisambaratika na kulala chini huku maji yakibaki safi, sawa. Kikitoa wingu kama la maziwa linalosambaa lenyewe, udongo huo huyeyuka ndani ya maji chembe kwa chembe. Ukiujengea tuta, ufa mdogo tu utageuka tundu, na tundu litageuka pango. Tafuta udongo mwingine, au peleka sampuli maabara uambiwe kama chokaa au jasi inaweza kuurekebisha na kwa kiasi gani.

Msingi

Kata udongo wa juu wenye mizizi na mboji katika eneo lote la kitako, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30, na uutunze pembeni. Utaurudisha mwishoni kuoteshea nyasi. Ng'oa visiki na mizizi yake. Kisiki kilichozikwa kitaoza, na palipooza patapita maji.

Chini ya mstari wa mgongo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, chimba mtaro wa msingi wenye upana wa mita 2 hadi 3. Endelea kushuka hadi ufikie tabaka lisilopitisha maji, kisha uingie ndani yake walau nusu mita. Mtaro huu ujazwe kwa mfinyanzi wako bora, ukishindiliwa kama tuta lenyewe. Ndio unaozuia maji kupenya chini kwa chini. Ukichimba na kuchimba na usipate tabaka hilo, simama. Hilo nalo ni suala la mhandisi.

Kingo za bonde ambapo tuta litaegemea zikwaruliwe na kukatwa ngazi za chini, ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Sehemu laini kama ukuta huacha mshono.

Kulaza bomba

Hapa nawasihi msiwe na haraka. Bomba likipita kwenye tuta linatengeneza njia iliyonyooka kutoka upande wa maji hadi upande mkavu, na maji yatajaribu kuitumia kwa nje ya bomba. Niliwahi kusimama kwenye tuta lililojengwa kwa bidii kubwa, kila tabaka limeshindiliwa vizuri, isipokuwa kando ya bomba ambapo rola haikuweza kuingia na watu walikuwa wamechoka. Mvua ya pili ilitoboa hapo hapo. Hakuna aliyeumia, lakini msimu mzima wa kazi uliondoka na maji ya tope.

Laza bomba kwenye mtaro uliochimbwa katika ardhi ya asili iliyo ngumu, si ndani ya udongo wa kujaza. Liwe la zege au chuma zito, viungo vyake visivuje, na kiti chake kiwe cha zege ili nusu ya chini isibaki na mapengo ambayo hakuna mkono unaoweza kuyajaza. Kandokando shindilia kwa mashine ya mkono au kwa gogo zito, tabaka za sentimita 10, pande zote mbili kwa pamoja. Katika theluthi ya mwisho kuelekea upande mkavu, lizungushie bomba kola nene ya mchanga safi unaounganishwa na mtaro wa changarawe wa kutolea maji. Kola hiyo haizuii maji. Inayaachia yapite huku ikishikilia chembe za udongo, na hapo ndipo shimo linapokosa nafasi ya kukua.

Bomba likiwa tayari, kijito kipitishe humo wakati wote wa ujenzi. Na utoro uwe umeshachimbwa kabla tuta halijafika kimo chake. Anza mwanzoni mwa kiangazi. Tuta lililofika nusu mvua ikianza halina pa kujitetea.

Kuinua tuta

Mwaga udongo kwa tabaka za sentimita 20, utandaze, shindilia hadi zibaki kama 15, kisha kwaruza uso kabla ya tabaka linalofuata. Rola yenye meno hupita mara 6 hadi 8. Kupitapita kwa malori peke yake hakutoshi, kwa kuwa hufuata njia zile zile na kuacha kingo laini.

Unyevu ndio siri. Udongo mkavu hauungani hata ukiupiga kutwa. Uliolowa huteleza chini ya rola kama mpira. Finyanga tonge kiganjani: lishikane bila kulowesha mkono, na ukilidondosha kutoka usawa wa kiuno livunjike vipande vichache, lisisambaratike wala lisibonyee tu. Kama una uwezo, pata kipimo cha maabara na ulenge asilimia 95 ya msongamano wa juu. Boza la maji liwe karibu siku zote. Udongo uliokauka kwa jua la siku mbili za mapumziko ukwaruliwe na kuloweshwa upya kabla ya kuendelea.

Inua tuta lote kwa pamoja, sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiacha pengo katikati "tutalijaza wiki ijayo", unajenga mishono miwili ya wima. Kwenye mguu wa upande mkavu weka mtaro wa mchanga na changarawe wa kupokea maji yanayojipenyeza, kwa sababu kila tuta la udongo linavuja kidogo, na kazi yako ni kuyaonyesha maji hayo pa kutokea.

Mgongo uinamishe kidogo kuelekea upande wa maji ili mvua isimomonyoe upande mkavu. Rudisha udongo wa juu na oteshea nyasi zinazotambaa. Usipande miti, migomba wala mahindi. Mizizi hufuata unyevu ndani, na mti ukifa huacha mashimo. Ukiangushwa na upepo huondoka na kipande cha tuta. Ng'ombe wasipande tutani, maana njia ya kwato huwa mfereji.

Mvua ya kwanza

Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilipasuka tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza kabisa. Maji yalipenya ndani, yakakokota udongo, na kati ya watu kugundua uvujaji mkubwa asubuhi na tuta kuanguka zilipita saa chache. Kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza isikukute umelala. Wawepo watu wawili wenye tochi na simu, na walio chini wawe wameambiwa mapema waelekee wapi.

Tazama upande mkavu. Uvujaji mdogo wa maji safi unavumilika. Uweke kigingi na uupime. Maji yakitoka na tope, tuta linaliwa kutoka ndani: watu wa chini waondoke kwanza, kazi baadaye. Kijichemchemi kinachotoa mchanga kwenye mguu wa tuta usikizibe kwa udongo, kwani maji yatatoboa kwingine. Kifunike kwa mchanga mkubwa na changarawe, au kizungushie mifuko ya mchanga ili maji yapande humo na kupoteza nguvu. Na hata iweje, usikate mfereji juu ya tuta ili "kupunguza" maji. Utakuwa umelipasua kwa mikono yako.

Miaka ya ukavu

Mabwawa mawili ya juu ya mji wa Derna, Libya, yalijengwa miaka ya 1970 kuukinga mji na mafuriko. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2023 yalipasuka yote mawili, na maelfu ya watu wakafa. Yalikuwa yamesimama kwa karibu nusu karne. Ugumu wa bwawa la mafuriko ni huo: miaka hupita bila kulihitaji, nyasi hugeuka vichaka, na kizazi kinachofuata hujenga nyumba bondeni kikiamini tuta limemaliza habari.

Chagueni mtu mwenye daftari. Kabla ya kila msimu wa mvua, na baada ya kila mvua kubwa, atembee mgongo, pande zote mbili, mdomo wa bomba na utoro. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni hatari kuliko ule unaofuata urefu wake. Uchimbwe hadi mwisho wake na kujazwa kwa tabaka zilizoshindiliwa, usipakwe tope juu. Mashimo ya panya na fuko yafanyiwe hivyo hivyo. Vichaka vikatwe vikiwa bado wembamba wa kidole. Kizuizi cha bomba kisafishwe, na bomba limulikwe ndani kwa tochi.

Simika nguzo yenye alama za sentimita karibu na mdomo wa bomba usome kimo cha mchanga. Ukiwa umekula robo ya nafasi, chimbeni wakati wa kiangazi, huku mkiweka vizuizi vidogo vya mawe kwenye makorongo ya juu unakotokea. Usawa wa mgongo nao upimwe kila mwaka kwa bomba la plastiki lenye maji. Palipozama hata kwa sentimita chache ndipo maji yatapita kwanza.

Na siku moja mtu atakuja, mara nyingi mtu mwema mwenye shida ya kweli ya maji, aombe bomba lifungwe kidogo ili ng'ombe wanywe kiangazi. Msaidieni kuchimba lambo lake pembeni. Bomba liachwe wazi.